Kiungo cha Intaneti Hakitoshi: Ushauri kwa Vijana wa Mashambani Wanaotaka Kusikilizwa

Kila msimu wa bajeti ya kaunti nchini Kenya, tangazo la kuwaalika wananchi watoe maoni hutokea gazetini na kwenye tovuti, likiambatana na waraka mrefu wa Kiingereza na anwani ya barua pepe. Kijana wa Kilifi mjini mwenye simu janja na bando la siku anaweza kuusoma na kujibu kabla ya magharibi. Mwenzake wa Bamba au Vitengeni, huko Ganze katika kaunti hiyo hiyo, ambaye simu yake ni ile ndogo ya vitufe, kabambe, na huichaji dukani kwa malipo, hupata habari muda wa maoni ukiwa umeshapita. Nimefanya kazi na vikundi vya vijana wa sehemu hizo, na ninayoyashauri hapa ni yale niliyoona yakifua dafu.

Kwanza, haki yenu haikufungwa kwenye mtandao. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 55, inaitaka Serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata nafasi ya kushiriki katika mambo ya siasa, jamii na uchumi, na Ibara ya 196 inalilazimu bunge la kaunti liushirikishe umma katika shughuli zake. Hata maombi yanayopelekwa Bunge la Taifa, kwa mujibu wa sheria ya 2012, yanaweza kuandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili. Karani wa ofisi moja aliwahi kutuambia kwamba maoni hupokewa mtandaoni pekee. Tulipomwomba kwa adabu atuandikie kauli hiyo na kuipiga muhuri, aliichukua karatasi yetu bila neno zaidi.

Kalenda nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba kuanza au siku yake ya kwanza, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vijana wengi huamka Juni, wakati kilichobaki ni kubishana juu ya mabaki. Mimi ningewashauri mkutane Julai, kabla mpango haujaandikwa.

Kazi kubwa zaidi ni kusoma. Mwenye bando katika kikundi aupakue waraka, kisha kurasa za wadi yenu tu zichapishwe saiba, yaani kwenye duka la intaneti, kwa kuwa kuchapisha waraka mzima ni kupoteza pesa. Kaeni chini na karatasi hizo, mmoja asome, mwingine aeleze kwa Kiswahili au Kigiriama, hadi kila mtu aelewe kwamba tarakimu fulani ni ya bwawa lile lile lililoahidiwa mwaka jana. Chagueni saa ambayo wasichana wanaweza kufika. Katika nyumba nyingi nilizozijua simu ilikuwa ya kaka, na mkutano wa usiku huwa umewatenga wasichana hata kabla haujaanza. Maoni yaandikwe yakitaja ukurasa, mradi, kijiji na mnachotaka kibadilishwe. Malalamiko ya jumla kuhusu umaskini huishia kabatini.

Juni 2024 vijana waliueleza Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kwa video fupi na kwa lugha za mama, na tarehe 26 rais akatangaza kwamba hatautia sahihi, siku moja baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu. Wengi husifu mitandao kwa hilo, nami sibishi sana, lakini kwa maoni yangu ufafanuzi ndio uliofanya kazi, na ufafanuzi unaweza kwenda kwa mdomo hadi mahali ambapo video haifunguki.

Mkishapeleka maoni, bakini na nakala yenye muhuri na tarehe. Bajeti ikipitishwa, tafuteni ukurasa wa wadi yenu. Msipouona mradi mlioutaka, andikeni kuomba maelezo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inakubali maombi ya Kiswahili na kumpa ofisa siku 21 za kujibu. Siku hizo zikipita kimya, pelekeni nakala ya maoni na ya barua yenu ya kuomba maelezo kwa Ombudsman, yaani ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hiyo.