Umeipenda sura yake, mgongo umeuona?

Juzi usiku msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia picha nne. Zote ni za uso wa amplifaya: ubavu wa mbao, vitufe vya rangi ya fedha, mita mbili za mshale nyuma ya kioo chenye mwanga wa kijani. Chini ameandika: "Dada, jamaa anataka laki tano na nusu, anasema kesho anakuja mtu mwingine. Niichukue?"

Huyo mtu mwingine wa kesho namfahamu. Ndiye aliyekuwa anakuja siku niliponunua ya kwangu, na mpaka leo hajafika.

Nimemjibu anitumie picha ya mgongo. Wakati namsubiri naandika haya kwa wote, maana tangu niweke hapa picha ya kona yangu ya muziki, ujumbe wa namna hii haukatiki. Nanyi nawajua. Kona sebuleni umeshaipima kwa macho, meza umeshaiona kwa fundi seremala, kilichobaki ni mashine tu. Basi kaa nikusimulie ya kwangu, mimi niliyelipa ada ya shule hiyo.

Baba yangu alifanya kazi reli, Tanga. Nyumbani tulikuwa na gramafoni ya kabati, ile yenye miguu minne, redio upande mmoja na santuri upande mwingine, mfuniko unaufungua kama sanduku la arusi. Jumapili baada ya chakula hatukuruhusiwa kuigusa, lakini mimi niliruhusiwa kumpa santuri, nikizishika ukingoni kwa viganja viwili. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hao wa mjini kwetu. Taarab ya Black Star, ile yenye lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mbaraka Mwinshehe. Nyimbo nyingi za santuri ndogo zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, kwa hiyo wimbo ukifika kwenye gitaa tamu unakatika, na mtu lazima anyanyuke kugeuza. Mnyanyukaji nilikuwa mimi.

Baba alipofariki tulikaa kikao. Nikasema mimi naomba kabati. Kaka yetu mkubwa akanitazama, akacheka kidogo: "Wewe mtoto wa kike, kabati lote hilo utalipeleka wapi?" Akalichukua yeye. Haikuisha miezi mitatu akawa ameliuza, na bei aliyoiuzia niliambiwa na jirani, wala siiandiki hapa kwa sababu nikiiandika nitashindwa kuendelea. Mimi nikapewa santuri, kwa kuwa hakuna aliyezitaka. Santuri 63 kwenye sanduku la mbao. Zililala uvunguni mwa kitanda changu Dar es Salaam miaka tisa, bila kitu cha kuzipigia.

Miaka hiyo tisa naiacha.

Siku nilipopokea zamu yangu ya upatu nilikwenda Kariakoo moja kwa moja, pesa zikiwa bado na joto la mkono wa mwekahazina. Nilishajisomea kwenye simu kila jina la Kijapani lililowahi kuandikwa kwenye amplifaya, mifano na miaka, nani alikuwa na wati ngapi. Kijana wa dukani aliponiona akaniuliza, "Unamnunulia mzee?" Nikamwambia najinunulia mwenyewe. Akaanza kunionyesha sabufa zenye taa za kucheza.

Nikaiona nyuma yake, juu ya shelfu. Ilikuwa nzito hata yeye aliishusha kwa magoti. Akaiwasha, taa zikaja taratibu, baada ya sekunde chache ikatoa ule mlio mdogo wa "tik" ndani, sauti ikafunguka. Nilisikia bezi ya gitaa kama mtu anatembea chumba cha pili. Nikalipa laki nne na themanini bila hata kupunguziwa nauli. Mtu mwingine anakuja kesho, si nimewaambia.

Jumamosi ile niliita watu. Kaka pia alikuwa mjini, nikamwita, na sitaki kudanganya: nilimwita kusudi. Pilau limeiva, watu wamekaa, nikachomeka ukutani. Taa za mbele ziliwaka nyeupe sana, kuliko nilivyoziona dukani, na nakumbuka nilifurahi nikidhani ni umeme wa kwetu mzuri. Ikaanza kuvuma, mvumo mnene kama friji bovu. Halafu harufu, ile ya vanishi inayoungua, ukishaisikia mara moja huisahau. Moshi ukatoka kwenye matundu ya juu ukiwa mwembamba, mnyoofu, kama wa udi. Shemeji yangu ndiye aliyechomoa waya. Kaka alikuwa na sahani mkononi, akasema polepole, "Na kabati la mzee nalo ungelichoma hivi hivi."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Vyombo niliviosha peke yangu usiku ule.

Jumatatu nilirudi dukani nikiwa nimepanga maneno. Kijana hakubisha wala nini. Alinionyesha chini ya meza: boksi la chuma, transfoma ya kushushia umeme, waya umepita nyuma ya kabati la kioo. "Si hii hapa, dada. Mashine ya Japani lazima uwe na hii. Ulijua, au?" Sikujua. Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Nilikuwa nimeipa mashine zaidi ya maradufu ya ilichozaliwa nacho, na maandishi yalikuwepo muda wote, mgongoni, pale waya unapoingilia: AC 100V. Herufi ndogo, lakini zipo. Mimi nilikuwa natazama mishale ya mita ikicheza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo, geuza mgongo. Soma volti. Ukikuta kuna kiteuzi, kile kiduara cha kuzungusha kwa bisibisi chenye 110, 120, 220, 240, hiyo ilitengenezwa kuuzwa nchi nyingi, shukuru Mungu, kisha hakikisha kimeelekezwa penyewe kabla hujachomeka. Ukikuta 100 tupu au 120 tupu, bei ya transfoma iingize kwenye hesabu. Tazama na plagi. Waya wa asili ukiwa mwembamba bapa halafu mwishoni ufungwe plagi mpya ya pini tatu, kuna mtu alikata pini bapa mbili za kwao. Na dukani fuata waya mpaka ukutani kwa macho yako. Piga magoti kama ni lazima. Mimi siku hizi napiga, na gauni langu.

Ungedhani nilikoma. Binamu yangu aliyeko Marekani akanitumia pleya ya santuri. Safari hii nikageuza, nikasoma 120V, nikajiona mjanja, nikanunua transfoma. Nikaweka Black Star. Mwanamke anayeimba akawa na sauti ya mwanamume mwenye usingizi. Nikabadilisha mkanda, nikasafisha, nikatukana. Kumbe mgongoni nilisoma nusu: pembeni ya 120V palikuwa na 60Hz. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mota za pleya nyingi za zamani huhesabu mwendo kwa hizo hezi, na transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi. Santuri ya kuzunguka mara 45 kwa dakika inazunguka 37 na nusu. Ndiyo maana watu wanaililia pleya ya Technics SL-1200: ilipotoka 1972 mota yake ilikaa moja kwa moja chini ya sahani, bila mkanda, na mwendo wake hauongozwi na hezi za ukutani. Lile toleo la MK2 la 1979 ndilo madisko yote yalilipenda. Ila nayo usiiparamie kwa jina. MK2 hiyo ina 33 na 45 basi, na kwenye sanduku la baba zilikuwemo santuri tatu nzito za 78, zile zinazovunjika kama sahani ya udongo, za zama za Siti binti Saad aliyepelekwa Bombay kurekodi mwaka 1928. Hizo zinataka mwendo wake na sindano yake nene zaidi. Nami ningetumia milioni kununua pleya isiyoweza kupiga kitu cha enzi za bibi yangu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee Gerezani. Ana wake wawili, basi mifano yake yote ni ya ndoa. Aliniambia, "Mwanangu, mashine ya umri huu hainunuliwi, inaposwa. Unauliza ukoo." Alikuwa na amplifaya ya NAD 3020 iliyoingia na mitumba ya Uingereza, volti 240 mgongoni, kimo cha kitabu kinene, sura ya kijivu isiyo na mvuto wowote. Ilitoka 1978. Wati 20 kila upande. Shemeji alipoiona alisema sabufa yake imeandikwa wati 3000 kwenye boksi. Hizo ni PMPO, nikamwambia, ni hesabu ya tangazo. Hizi 20 ni za kweli. Tukazipambanisha. Hakusema kitu, ila aliomba wimbo urudiwe.

Fundi hakuniuzia kabla ya kuipima mbele yangu. Alichomoa spika zote, akaweka mita kwenye matundu ya spika, sauti ikiwa chini kabisa. Ilisoma milivolti 18. Akasema mpaka 50 hivi hana neno. Ikifika volti nzima, ondoka, maana umeme huo ulionyooka unaingia kwenye spika na kuunguza koili. Kama muuzaji hana mita au hataki ipimwe, umeshajibiwa. Kitufe cha sauti kukwaruza ukikizungusha si ugonjwa, ni vumbi na chumvi ya pwani, dawa ya kusafishia ipo, wewe kitumie kupunguzia bei. Lakini ukiambiwa "imebadilishwa transista zote mpya," uliza mpya kutoka wapi. Sokoni bandia ni nyingi, hasa zile aisii za STK, vipande vya kukuzia sauti. Bora mashine ambayo haijaguswa, kapasita zake zimekauka kwa uzee, ubadilishe mwenyewe kwa fundi unayemjua.

Na mgongoni hapo hapo tafuta tundu lililoandikwa PHONO. Sauti ya sindano ni ndogo mno, milivolti chache, tena kiwandani santuri hukatwa ikiwa imepunguzwa bezi na kuzidishwa tribo, zile sauti nyembamba za juu. Lazima kiwepo kitu cha kuirudisha sawa. Amplifaya za zama zile nyingi zinacho ndani. Ukichomeka kwenye sabufa moja kwa moja utasikia nyuki ndani ya kopo.

Spika nitasema kwa ufupi kwa sababu nilibahatika. Ondoa kitambaa cha mbele, bonyeza taratibu ule mzunguko laini unaoshika koni. Ukiwa wa sifongo, na joto letu hili, baada ya miaka ishirini unageuka unga unaonata kidoleni. Unaweza kubandikwa mwingine, lakini uhesabu. Wa raba au kitambaa huishi zaidi. Zangu ni za raba. Na sindano nunua mpya, usibishane. Sindano iliyochakaa inakula santuri, na santuri za baba yako hazichapwi tena.

Sasa ngoja niseme na vijana. Mnaniandikia "dada, nikope nichukue?" Usikope. Pesa ya upatu ni ya wenzako, nami naijua aibu ya kuchangia miezi kumi na moja kulipia kitu kilichoungua siku ya kwanza. Mnanunua kwa ajili ya picha, kwa ajili ya mwanga wa kijani, kwa ajili ya shemeji. Hata mimi nilinunua kwa ajili ya kaka, ndiyo maana sikugeuza mgongo. Mwenye haraka ya kuonekana hana muda wa kusoma herufi ndogo. Anza na ulichonacho cha kusikiliza. Una kanda? Tafuta deki. Una santuri? Zihesabu, jua ni za 33, 45 au 78, ndipo uende dukani. Huna hata moja? Basi unataka fanicha, na fanicha nzuri zipo Keko.

Nimekuwa mkali. Nisameheni, ni kwa ajili ya wale wa 100V.

Kaka yangu mwezi uliopita alinipigia, akauliza kama naweza kumtumia kwa simu zile nyimbo za mzee, hata tatu tu, anataka kuwasikilizisha wajukuu. Nimemwambia awalete hapa. Nauli ya watoto nitalipa mimi. Ameniambia ataangalia.

Sasa ni saa nne kasoro usiku. Morogoro, ujumbe wangu umeusoma, tiki nimeziona zimegeuka buluu. Picha ya mgongo bado.