Stelingi akifa katikati ya muvi

SWALI: Mambo vipi, juzi nimeangalia Psycho ya 1960, stelingi wa kike anauawa bafuni muvi haijafika hata nusu! Si tunajua kwenye hizi muvi shida inaanza, inakua, mwisho stelingi anapambana na adui? Hapa imekuwaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa ndugu yangu. Huo mpangilio upo kweli na Hitchcock, mwongozaji wa hiyo muvi, aliujua vizuri, ndo maana akaweza kuuvunja. Dakika zaidi ya 40 tunamfuata Marion, huyo stelingi wako, na zile dola 40,000 alizoiba, tunamwogopa yule askari wa barabarani mwenye miwani nyeusi, tunadhani stori ni hela, kumbe hela zimeviringishwa kwenye gazeti na zinaenda kuzama na gari. Hapo kwenye gari ndo napapenda mno: Norman, yule kijana mwenye moteli alikouawa Marion, analisukuma kwenye kinamasi, linazama, linazama, mara linakwama, na wewe uliyekuwa unamlilia Marion sasa hivi unajikuta unaomba lizame! Yaani Hitchcock kakuhamishia kwa mtu mwingine bila kukuuliza. Baada ya hapo mambo yanarudi kama ulivyozoea, mpelelezi, dada mtu, siri inafichuka. Ndo maana alitaka kumbi za sinema zisimruhusu mtu kuingia muvi ikishaanza, maana aliyechelewa angekaa anamsubiri Janet Leigh, aliyeigiza Marion, mpaka mwisho.