Kompyuta inapogoma kuamka usingizini, chunguza kwanza ililalaje

Salaam, mkuu. Umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani yenye Linux huilaza vizuri jioni, lakini ukiigusa asubuhi unakuta ama skrini nyeusi yenye mshale wa kipanya peke yake, ama ukurasa wa kuandika nywila huku programu zote ulizoziacha wazi zimefungwa, na kwamba fundi amekushauri ubadilishe RAM. Ninakuomba usinunue chochote bado. Mimi nilipita njia hiyohiyo: nilibadilisha RAM, nikabadilisha pawa saplai, na tatizo likabaki palepale, kwa sababu miezi miwili yote nilikuwa nikichunguza namna mashine inavyoamka bila kujiuliza kama ililala.

Tuanze na kilichokufa. Mashine inayogoma kuamka huenda imekufa yote pamoja na kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vyote. Huenda iko hai lakini kadi ya grafiki haitoi picha. Au iko hai pamoja na picha yake, ila programu inayoendesha dawati (madirisha na menyu unazoziona) imeanguka na kuburuta kila kilichokuwa juu yake. Kurudishwa kwenye ukurasa wa nywila ni dalili ya hali hii ya tatu, na RAM mbovu mara chache huwa na adabu ya kukurudisha pale kwa utaratibu namna hiyo. Kwenye Wayland, mfumo wa kuonyesha picha kwenye Linux nyingi za sasa, dawati lenyewe ndilo seva ya picha, yaani programu inayochora skrini, kwa hiyo likianguka, programu zilizounganishwa nalo kwa kawaida hufa papo hapo.

Ili kutofautisha hali ya kwanza na ya pili, watu hushauri ubonyeze Caps Lock na kutazama taa yake. Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Taa ikiitika, mashine iko hai. Isipoitika, bado hujajua lolote, kwa sababu katika mazingira ya picha taa ile huwashwa na seva ya picha, nayo ndiyo tunayoishuku. Kipimo ninachokiamini ni mtandao: weka openssh-server mapema, huduma inayokuruhusu kuingia kwenye mashine kutoka kifaa kingine, kisha siku ikigoma tumia simu yenye Termux (programu ya Android ya kuandikia amri) kuingia kwa ssh. Ukipokelewa, kerneli iko hai na unaweza kusoma rekodi hapohapo. Usipopokelewa, usikimbilie kushikilia kitufe cha kuzimia. Shikilia Alt na SysRq, ambayo kwenye kibodi nyingi ni kitufe kilekile cha Print Screen, kisha bonyeza S, U na B kwa zamu ukiacha sekunde chache katikati, ili data iandikwe kwenye diski kabla mashine haijajiwasha upya. Herufi R, E na I zinazotangulizwa katika maelekezo mengi zimezuiwa kwenye mpangilio wa kawaida wa Ubuntu, kwa hiyo zisikushangaze zikikaa kimya.

Baada ya hapo soma rekodi za mfumo. Kama uliwasha upya, amri ni journalctl -b -1 -e, inayofungua mwisho wa rekodi za uwashaji uliopita. Kama hukuwasha upya, ondoa ile -1. Tafuta mistari miwili ya kerneli, "PM: suspend entry" na "PM: suspend exit". Wa kwanza ukiwapo bila wa pili, wengi huhitimisha kwamba mashine ilifia njiani ikienda kulala. Si lazima iwe hivyo: huduma inayoandika rekodi nayo hugandishwa wakati wa kulala na huachiliwa mwishoni mwa kuamka, hivyo mashine iliyofia katikati ya kuamka huacha rekodi ileile. Lakini yote miwili ikiwapo, kerneli ilirudi, na macho yako yahamie kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa, hapa kadi ya grafiki) na dawati. Kisha andika coredumpctl list, uone programu zilizoanguka na saa zilipoangukia. Ubuntu haina amri hiyo mpaka uweke systemd-coredump, ila ripoti zake za kawaida utazikuta /var/crash.

Safu ya saa kwenye orodha hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Mashine yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, ina RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GB 4 kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Kilichonichanganya ni kwamba nikiilaza mchana kwa majaribio iliamka bila neno, lakini nikiilaza usiku baada ya kazi ya kutwa, asubuhi nakuta ukurasa wa nywila. Nilidhani ni urefu wa usingizi. Siku nilipofungua coredumpctl nilikuta dawati limeanguka 21:43, yaani saa tatu na dakika arobaini na tatu usiku, dakika ileile niliyoilaza. Mimi niliigusa saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye rekodi za dakika hiyo kerneli ilikuwa imeandika "PM: Some devices failed to suspend, or early wake event detected". Usiku uliofuata niliilaza nikabaki nimekaa pembeni. Skrini ikazima, taa ya kipanya ikazimika na kurudi, feni hazikunyamaza hata sekunde moja, na kabla sijainuka kitini ukurasa wa nywila ukajitokeza wenyewe. Haikuwahi kulala.

Sababu yake ni hii. Katika usingizi wa S3, yaani usingizi mzito ambao karibu kila kitu huzimwa, RAM huendelea kupewa umeme, lakini kadi ya grafiki iliyochomekwa kwenye nafasi yake hukatiwa umeme mkuu, na vyote vilivyomo kwenye kumbukumbu yake ya video hupotea, hivyo draiva haina budi kuvihamisha kwanza. Draiva yangu, kwa namna nilivyokuwa nimeipanga, ilivihamishia kwenye faili la muda ndani ya /tmp, na nilipopandisha toleo la mfumo, /tmp ilikuwa imetoka kwenye diski na kuhamia ndani ya RAM kama tmpfs, ambayo kwa kawaida haipewi zaidi ya nusu ya RAM yote. Nusu ya GB 8 ni GB 4, kadi nayo inaweza kubeba GB 4, na kivinjari cha jioni chenye vichupo arobaini kilikuwa kimekwisha kula sehemu kubwa ya RAM. Mchana, kwenye majaribio, vichupo vilikuwa vitano na nafasi ilitosha. Jioni haikutosha, draiva ikakataa, usingizi ukakatishwa, na dawati likarudi kutafuta picha zake lisizikute. Laiti ningenunua RAM ya GB 16 badala ya nyingine ya GB 8, pengine tatizo lingejificha na fundi angepewa sifa.

Tiba ilikuwa fupi kuliko safari. Amri ya findmnt /tmp ilijibu tmpfs. Nikafungua faili la draiva ndani ya /etc/modprobe.d, nikaongeza kigezo kinachotaja folda ya muda na kukielekeza /var/tmp, ambayo iko kwenye diski, kisha nikahakikisha kwamba huduma za draiva ambazo majina yake huishia na -suspend na -resume zimewezeshwa. Siku mbili nzima hakuna kilichobadilika, kwa kuwa nilisahau sudo update-initramfs -u, amri inayoandaa upya faili zinazopakiwa mwanzoni mwa kuwaka, na draiva ilikuwa ikipakiwa mapema na mipangilio ya zamani. Baada ya amri hiyo na kuwasha upya, mashine imekuwa ikilala na kuamka usiku na mchana.

Huna haja ya kusubiri asubuhi ili kupima. Andika sudo rtcwake -m no -s 60, kisha systemctl suspend: ya kwanza hutega kengele ya dakika moja kwenye saa ya mashine, ya pili huilaza kwa njia ya kawaida. Maelekezo mengi hutaja rtcwake -m mem, lakini hiyo huilaza moja kwa moja bila kupitia systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwa hiyo huduma za draiva haziitwi, na unakuwa umepima kitu kingine. Pima mara moja dawati likiwa tupu, na mara moja ukiwa umefungua kila unachofungua siku ya kazi. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili itakuambia mengi.

Kuna mengine ninayoyapitia haraka. Umeme ukikatika usiku, au LUKU ikiisha, na huna UPS, RAM hupoteza kila kitu na asubuhi mashine huwaka upya kana kwamba imegoma. Dalili yake ni kwamba ile taa ya usingizi inayopepesa unaikuta imezimika. Kama RAM yako inaendeshwa kwa XMP, mpangilio unaoikimbiza kwa kasi kuliko ya kawaida, uzime kwenye BIOS kwa siku chache uone. Na ukitaka kujua aina ya usingizi unaotumika, soma /sys/power/mem_sleep: neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo lililochaguliwa, na kama ni deep, yaani S3, unaweza kuwasha mashine na kigezo cha kerneli mem_sleep_default=s2idle, ambacho huchagua usingizi mwepesi, ili kulinganisha.

Ukimaliza, lete hapa mistari ishirini inayozunguka "suspend entry", jibu la findmnt /tmp, jibu la free -h (amri inayoonyesha RAM iliyotumika na iliyobaki) ulilolichukua jioni kabla ya kuilaza, na saa iliyoandikwa kwenye ripoti ya kuanguka. Kabla ya hayo, leo usiku ilaze, kisha kaa dakika moja pembeni yake usikilize feni.