Re: Seremala kakatwa na msumeno, ni lazima niripoti?

Salaam ndugu. Wauliza kama karakana ya majahazi hapo Lamu yenye mafundi sita yapaswa kuripoti seremala aliyekatwa kidole na msumeno wa umeme, leo siku ya tano yuko nyumbani. Yapaswa. Ile idadi ya watu 20 itajwayo na sheria ni ya kuunda kamati ya usalama, haihusu kuripoti.

 Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 yataka taarifa ya maandishi kwa afisa wa DOSH (idara ya serikali ya usalama na afya kazini) ndani ya siku 7, kwa hiyo usilaze damu. Chukua fomu ya DOSH/WIBA 1 (WIBA ni sheria ya fidia kwa waumiao kazini): wewe wajaza sehemu ya mwajiri, daktari yake. Wengi hukwama hapa, wangoja kidonda kipone ndipo daktari aandike. Usingoje, peleka taarifa. Matibabu ni juu yako, na malipo yake yaendelee. Bima pia waarifu.

Halafu huo msumeno. Kifuniko cha meno kipo? Mafundi hukivua wapasuapo mbao nene ya mbambakofi, kisha hakirudi. Sheria yataka kila sehemu hatari ya mashine ikingwe. Kifungeni kabla hamjauwasha tena.