Je, kisusio kinaweza kuninyima wokovu?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Naishi Majengo, Moshi. Krismasi tukipanda nyumbani Marangu, mbuzi huchinjwa na kisusio, supu ya mbuzi yenye damu, hupikwa. Kwenye kikundi cha maombi nimeambiwa kwamba anayeonja damu amepoteza wokovu, kwa kuwa Matendo 15:29 inakataza. Nimekinywa tangu utotoni. Nimepotea?

Jibu: Amina, mama. Hujapotea. Aliyekuonyesha mstari wa 29 angekuanzishia mstari wa kwanza. Watu kutoka Uyahudi walifika Antiokia wakifundisha kwamba asiyetahiriwa kwa desturi ya Musa hawezi kuokoka. Hilo ndilo lililopelekwa Yerusalemu, na Petro akalijibu mstari wa 10 na 11: mbona mnawatwika wanafunzi nira ambayo baba zetu na sisi hatukuiweza? Sisi na wao tunaokoka kwa neema ya Bwana Yesu.

Suala la wokovu likaishia hapo. Ndipo Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akapendekeza waamini wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wajiepushe na mambo manne: vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, nyama iliyonyongwa na damu. Sababu ameitaja mstari wa 21: torati ya Musa ilisomwa kila sabato katika kila mji. Naelewa hivi: waamini hawa walipaswa kula pamoja na Wayahudi. Barua yenyewe inamalizia kwamba wakijizuia na hayo watafanya vema. Haisemi wataokoka. Kama katazo la damu lingali linatufunga leo, Wakristo tunatofautiana, na anayejizuia kwa heshima ya Bwana anafanya vizuri. Uasherati usiuweke kwenye mjadala huo. Paulo anaukataza tena na tena.

Sasa fanya hesabu ya Ibrahimu, maana Paulo anaitegemea katika Warumi 4. Mwanzo 15:6, alimwamini Bwana akahesabiwa haki. Ishmaeli alizaliwa baada ya hapo, Ibrahimu akiwa na miaka 86. Alitahiriwa akiwa na 99. Kwa hiyo alikuwa mwenye haki kwa miaka isiyopungua 13 bila tohara, na bila torati ya Musa, ambayo Wagalatia 3:17 inasema ilikuja miaka 430 baada ya ahadi.

Utaulizwa: mbona Yakobo 2 inasema imani bila matendo imekufa? Ni kweli kabisa, na lazima tuihubiri. Lakini tendo analolitaja, kumtoa Isaka, liko Mwanzo 22, miaka mingi baada ya ile sura ya 15. Imani ilitangulia, tendo likaionyesha kuwa hai. Tunakosea tunapogeuza mpangilio huo na kulifanya tendo kuwa ada ya kuingilia. Wagalatia 5:3 inaonya kwamba anayetaka kuhesabiwa haki kwa tohara ana deni la kuishika sheria yote. Leo utaongezewa kisusio, kesho mavazi, keshokutwa siku ya ibada, na kila Jumatatu utakuwa unajiuliza kama bado umeokoka. Inaniuma kuona waumini wakiishi hivyo wakati Kristo amekwisha kulipa.

Kwa Desemba hii, fuata Warumi 14. Mstari wa 23 unasema anayekula huku ana shaka amehukumiwa. Kwa hiyo moyo wako ukisita, mwambie mama mkwe kwa upole, "Asante mama, mimi naomba nyama ya kuchoma." Moyo ukitulia, kunywa kwa shukrani. Na akija mtu wa kikundi chako, mpikieni supu yake kando, isiyo na damu, na asitokee wa kumcheka.