Mama ana saratani ya umio (njia ya chakula), ndugu wanataka asiambiwe: tuanzie wapi?

SWALI

Assalam aleikum dada muuguzi. Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne, tunaishi Kisauni. Mamangu ana miaka 64. Kwa miezi kadhaa chakula kilikuwa kikimkwama kifuani, mwanzo nyama na chapati, sasa hata wali haupiti. Alipigwa kamera, kikakatwa kinyama kikapelekwa maabara, na picha ya CT imeonyesha ni saratani ya umio iliyokwisha kufika kwenye ini. Daktari alituita mimi na ami nje ya chumba akatwambia ni hatua ya nne. Ami na kaka zangu wamekata shauri mama asiambiwe. Yeye anajua ana vidonda vya tumbo. Wanataka pia tuuze kiwanja tumpeleke India. Usiku analia kwa maumivu ya kifua na mgongo. Daktari amemwandikia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, lakini chupa iko juu ya kabati haijafunguliwa. Mdogo wetu wa mwisho alitumia unga kwa miaka, sasa anakunywa methadoni kliniki, dawa ya kumsaidia auache, na nyumba nzima inaiogopa hiyo mofini. Nianzie wapi?

JIBU

Waleikum salaam dadangu. Pole sana, wewe na nyumba yote.

Anzia juu ya kabati. Kiwanja, India, hata suala la kumwambia au kutomwambia, yote yanaweza kungoja siku mbili tatu. Maumivu hayangoji. Na kuna sababu nyingine: mgonjwa aliyekesha analia hana nguvu ya kusikiliza habari nzito wala kuamua lolote juu ya mwili wake. Mpeni usingizi kwanza, mazungumzo yatafuata.

Hofu yenu naielewa. Hapa Pwani hakuna mtaa ambao unga haukuingia, na sitakuficha kwamba mofini na heroini ni za ukoo mmoja. Lakini anayetumia unga anatafuta stimu, na anaongeza kila siku kuifukuzia. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa mdomo, kwa kipimo na kwa saa, anapata nafuu, basi. Ni nadra sana kumwona akiitamani dawa yenyewe. Mwili wake utaizoea, ndiyo, na ndiyo maana haikatizwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo daktari akisema. Kuzoea huko si uteja. Wala si dawa ya kumharakisha mtu kufa. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haifupishi maisha. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Sasa namna ya kuitoa. Kipimo ni kile alichoandika daktari wenu, msikiongeze wala kukipunguza kwa kuogopa. Soma lebo vizuri, kwa sababu chupa mbili zinazofanana zinaweza kuwa na nguvu tofauti: angalia ni miligramu ngapi katika kila mililita, na ukiona haieleweki mpigie aliyekupa kabla ya kumimina. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo kawaida hutolewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Ile ya usiku mara nyingi daktari huifanya maradufu ili mama alale mpaka alfajiri. Angalia kama imeandikwa hivyo. Msingoje mpaka alie. Dawa hii inatangulia maumivu, na mkiyaacha yapande kwanza mtahitaji nyingi zaidi kuyashusha. Yakitokea kati ya saa na saa, kuna kipimo cha ziada. Kama hakikuandikwa, kiulizie.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na pengine atasikia kichefuchefu. Hayo hupita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya kwanza. Nimeona familia zikiacha mofini kwa sababu ya choo tu, wakidhani imemdhuru mgonjwa, na tatizo lilikuwa tembe moja isiyoandikwa. Ukiona ni vigumu kumwamsha, au anapumua polepole mno, usimpe kipimo kinachofuata, mkimbize hospitali. Na kwa kuwa ana maumivu ya mgongo: akianza kulegea miguu, kufa ganzi, au kushindwa kukojoa, mpeleke siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, maana uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na saa chache zinaleta tofauti.

Mdogo wenu. Nakuomba msifanye jambo hili nyuma yake. Mketishe, mumwambie wazi: mama ameandikiwa dawa hii, itakuwa ndani ya nyumba, tutaifungia. Mtu anayekwenda kliniki kila siku kunywa methadoni anapigana vita ambavyo wengi wetu hatuviwezi, na huenda ndiye anayejua kuliko nyote kishawishi chake kikoje. Muulize yeye mwenyewe angependa iwekwe wapi. Kisha nunueni kisanduku cha kufuli, ufunguo ukae na mtu mmoja, na kuwe na daftari: tarehe, saa, mililita zilizotolewa, zilizobaki, na jina la aliyetoa. Daftari hilo linamlinda mama, na linamlinda kijana pia, kwa sababu siku chupa ikionekana imepungua hatashutumiwa bure. Ajue pia, na kliniki yake ijue, kwamba mofini juu ya methadoni inaweza kusimamisha pumzi. Mofini ikibaki bila kutumiwa, irudisheni hospitali.

Turudi kwa ami. Usimwone adui. Mtu mzima anayesema "asiambiwe" mara nyingi anaogopa kuwa ukweli utamvunja ndugu yake moyo aache kula, na hofu hiyo ina mapenzi ndani yake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, kwa lugha anayoielewa, isipokuwa kukiwa na ushahidi mzito kwamba kumweleza ni kinyume cha maslahi yake. Huzuni peke yake si ushahidi huo. Lakini sikushauri umwendee ami na sheria mkononi. Mwendee na maswali.

Muulize: mama akiwa na amana ya mtu, nani anaijua? Wanawake wa rika lake hapa Mombasa hushika mambo mengi kimya kimya. Kuna pesa za mchezo wa upatu, kuna dhahabu ya jirani iliyofichwa sandukuni, kuna deni la duka, kuna dada aliyenuniana naye tangu harusi ya nani. Ami anajua vizuri dini inavyosisitiza wosia na madeni. Mtu anayeamini ana vidonda vya tumbo haandiki wosia, haombi radhi, hamwiti mtoto wake aliye Oman aje amwone. Ataahirisha mpaka apate nafuu, na nafuu hiyo nyinyi mnajua haiko njiani.

Halafu muulize kama kweli anaamini mama hajui. Amekonda, nguo hazimkai, watu wanaacha kuzungumza akiingia. Wagonjwa wengi ninaowahudumia wameshajua kabla hatujafungua mdomo, na wao nao wanawaficha watoto kwamba wanajua. Nyumba moja, kila mtu analia chumba chake.

Ninachopatana na familia, na akina ami wengi hukikubali, ni hiki: hatutamwambia asilouliza, lakini hatutamdanganya akiuliza. Anza wewe, au yule anayemwamini zaidi, siku ambayo dawa imemtuliza, mlango umefungwa na simu zimezimwa. Muulize, "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Mwache aseme. Kisha, "Majibu ya vipimo ungependa daktari akwambie wewe, au aseme na sisi?" Akijibu "semeni na ami, mimi sitaki kujua," hiyo ni haki yake nayo, ishikeni, na muulize tena baada ya wiki kadhaa kwa sababu watu hubadilika. Akitaka kujua, mrudisheni kwa daktari aelezwe huku mmekaa naye, safari hii yeye akiwa ndani ya chumba.

Na akikugeukia usiku akuulize, "Mwanangu, ni saratani?" usikimbilie "aa, nani kakwambia." Sema, "Ndiyo mama." Kisha nyamaza, mshike mkono, ngoja. Kinachofuata ndicho kitakachokuonyesha anataka kujua zaidi au ametosheka. Usiahidi atapona. Usimpe idadi ya miezi pia, hakuna anayeijua kwa hakika. Unachoweza kumwambia kwa ukweli ni kwamba ugonjwa huu hauondoki wote, kwamba kuna matibabu ya kuupunguza kasi, kwamba maumivu yatadhibitiwa, na kwamba hatabaki peke yake.

India na kiwanja. Nitasema waziwazi kwa sababu nimeona familia zikibaki bila mama na bila pa kuishi. Saratani ya umio iliyofika kwenye ini haiondolewi kwa upasuaji, India wala kwingine, na kemo, yaani dawa za kupambana na saratani, inayotolewa huko kwa hatua hii kwa kawaida hata Kenya ipo. Lengo la matibabu sasa ni ameze, asiumie, apate muda mzuri zaidi. Kama moyo wa ami hautatulia bila rai ya pili, tumeni karatasi kabla ya kumtuma mama: majibu ya maabara ya kile kinyama, diski ya CT, na ripoti ya kamera. Daktari wa mbali anaweza kuzisoma akatoa maoni bila mgonjwa kupanda ndege akiwa amedhoofika. Hicho kiwanja nacho ni cha nani? Kama ni cha mama, au ana fungu lake humo, kukiuza bila yeye kujua sababu ni kumfanyia maamuzi ya mali yake angali hai na akili zake timamu.

Hapa Mombasa mna pa kwenda. Hospitali ya rufaa ya Coast General, pale Makadara, ina kituo cha saratani, na tiba ya mionzi haihitaji tena safari ya Nairobi kama zamani. Ulizeni mambo mawili hasa kuhusu kumeza: kama mionzi michache itamfungulia njia, au kama anafaa kuwekewa stenti, kile kibomba cha wavu kinachopitishwa kwa kamera kishikilie umio wazi. Kuhusu gharama, hakikisheni usajili na malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, yako sawa, mnaweza kuangalia kwa kubonyeza *147#. Fedha za matibabu ya saratani zina kikomo kwa mwaka na ni za familia nzima, kwa hiyo kabla ya kila awamu ya kemo ulizeni kimebaki kiasi gani. Na ombeni rufaa ya huduma shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa na familia, mapema, sasa, si siku za mwisho. Coast Hospice wamekuwa wakifanya kazi hii hapa kwa miaka mingi, na kuwaona hakumaanishi mmeacha kemo wala mmekata tamaa.

Chakula: uji laini, supu iliyochujwa, maziwa, mtindi, kidogo kidogo mara nyingi, akiwa ameketi wima na abaki hivyo nusu saa. Wageni watakuja na mahamri na halwa wamshikilie ale, eti ajitie moyo. Wazuieni kwa adabu. Hamu ya kula inaondolewa na ugonjwa, na kumlazimisha kunamfanya ajione anawaangusha. Ila siku hata mate yakishindwa kupita, hiyo ni ya hospitali mara moja, na hapo mofini nayo itahitaji njia nyingine, kwa sindano, au ibadilishwe na dawa ya ukoo wake inayobandikwa ngozini kama plasta.

Mama akishajua, wajukuu waambieni kwamba bibi anaumwa saratani, kwamba haiambukizi, na kwamba wanaweza kulala naye kitandani na kunywa kikombe kimoja. Watoto wakifichwa hubuni sababu zao, na mara nyingi sababu wanayobuni ni wao wenyewe.

Nawe, kifungua mimba, usiwe wewe tu. Ami anayesema sana apewe zamu ya kumpeleka kliniki. Kaka zako wakeshe zamu za usiku, wajifunze kupima mofini kwa sirinji mbele yako mara kadhaa mpaka mkono uwe hautetemeki. Mkienda kliniki tena beba lile daftari la dawa, orodha ya maswali iliyoandikwa, na umwombe daktari aongee akimtazama mama.