Maswali ya Wasomaji: Resini na Maji ya Kuoshea Vioo

SWALI: Mhariri, salamu. Ninafanya kazi ya kuosha madirisha kwa brashi ya mpini mrefu inayopitisha maji, bila sabuni na bila kufuta kwa kitambaa. Nina mtungi wa lita 25 wa resini, yaani punje za kuondoa madini majini, ambao maji ya bomba hupitia kwanza. Mwanzoni vioo vilikauka vikiwa safi kabisa, lakini sasa vinabaki na vidoa vyeupe. Aliyeniuzia anasema resini imekwisha na ninunue nyingine. Je, ni kweli, na mbona imekwisha mapema hivyo?

JIBU: Inawezekana kabisa kwamba imekwisha, lakini hilo si jambo la kubahatisha wala la kumwachia muuzaji aamue, kwa sababu lina kipimo chake. Tafuta kipimo cha TDS, kile cha kushika mkononi, ambacho huonyesha kwa ppm kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka katika maji. Kwa maji ya kawaida, ppm moja ni sawa na miligramu moja kwa kila lita. Pima maji ya bomba kabla hayajaingia mtungini, kisha upime yanayotoka. Haya ya pili yaache kwanza yatiririke kwa dakika moja au mbili, kwa maana maji yaliyolala mtungini usiku kucha husoma juu hata kama resini bado ni nzima, na mtu akiiamini namba hiyo ya kwanza anaweza kutupa resini ambayo ingemfaa kwa siku nyingi. Resini iliyo nzima hutoa maji ya ppm 0 au 1. Yakifika karibu na 10, ujue umefika ukingoni, na ukizidi hapo vidoa havikwepeki.

Sababu ya kuisha mapema utaielewa ukijua kinachofanyika ndani ya mtungi. Resini ya kazi yako ni mchanganyiko wa aina mbili za punje za plastiki. Aina moja hunasa ayoni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) zenye chaji chanya, kama kalsiamu, magnesiamu na sodiamu, na badala yake huachia haidrojeni. Aina ya pili hunasa zenye chaji hasi, kama kloridi, salfeti na bikaboneti, na badala yake huachia haidroksidi. Haidrojeni na haidroksidi zikikutana huwa maji, na ndiyo maana hakuna kinachobaki cha kukauka juu ya kioo. Kwa hiyo resini haichuji takataka kama chujio la chai linavyozuia majani. Hubadilishana ayoni kwa ayoni, na punje ikishatoa yote iliyokuwa nayo haina tena cha kubadilisha.

Sasa tufanye hesabu. Lita moja ya resini iliyochanganywa, ikitumika vizuri, hubeba takriban gramu 20 za madini yakihesabiwa kama chokaa, hivyo mtungi wako wa lita 25 unabeba kama gramu 500. Maji ya bomba yakiwa na ppm 250, kila lita inaingia na robo gramu, na mtungi utakuwa umejaa baada ya lita 2,000. Brashi inayotumia lita 2 kwa dakika hufikisha kiasi hicho kwa saa 17 hivi za kuosha mfululizo, ambazo kwa mtu mwenye wateja wengi ni kazi ya siku chache tu. Mwenzako mwenye maji ya ppm 50 angepata lita 10,000 kwa mtungi uleule. Kwa hiyo huenda hukuuziwa resini mbovu. Maji yako ndiyo mazito.

Dawa yake, kwa maoni yangu, si kununua mtungi mkubwa zaidi. Maji yakizidi ppm 100 au zaidi kidogo, ni afadhali yapitie kwanza kwenye utando wa kuchujia kwa shinikizo, unaoweza kuondoa asilimia 95 ya madini, kisha resini imalizie kazi. Zile ppm 250 zitashuka hadi 12 au 13, na mtungi uliokuwa ukifa kwa lita 2,000 utakaribia lita 40,000. Utando una masharti yake: unahitaji bomba lenye nguvu, unamwaga sehemu ya maji kama taka, na klorini huuharibu, kwa hiyo ni lazima utanguliwe na kichujio cha kaboni. Hata hivyo, kwa mwenye maji magumu hesabu huegemea upande wake.

Kuna mtego mmoja ambao kipimo hakiuonyeshi. Resini inapokaribia kuchoka, silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuponyoka, kwa kuwa imeshikiliwa kwa ulegevu. Nayo haipitishi umeme kama chumvi zinavyofanya, ilhali kipimo chako hakifanyi kingine ila kupima umeme unaopita majini. Namba inaweza kusoma 3 huku kioo kikipata madoa, na doa la silika ni gumu kuondoa kuliko la chokaa. Ndiyo sababu ninakushauri usingoje 10. Badilisha namba inapoanza kupanda siku hadi siku. Ukiwa na shaka, dondosha matone machache ya maji yanayotoka mtungini juu ya kioo safi chenye mgongo mweusi, uyaache yakauke yenyewe kivulini. Maji yenye madini huacha duara jembamba jeupe pale ukingo wa tone ulipokuwa. Maji safi hayaachi kitu.

Kabla ya kununua chochote, tazama pia umbo la madoa. Vidoa vya mviringo vilivyosambaa kioo kizima ni vya maji. Michirizi inayoshuka kutoka fremu ya juu ni uchafu uliobaki kwenye fremu na raba zake, ambao hudondoka baada ya wewe kuondoka, na hakuna resini itakayoutibu: sugua fremu kwanza, kisha suuza kioo mwisho, ukianzia juu.

SWALI: Mashine ya kulainisha maji hurudishiwa nguvu kwa chumvi ya kawaida. Kwa nini nisifanye hivyo na resini yangu?

JIBU: Kwa sababu utaimaliza badala ya kuifufua. Mashine hiyo huondoa kalsiamu na magnesiamu majini na kuweka sodiamu mahali pake, kwa hiyo jumla ya vilivyoyeyuka haipungui, na kioo bado hupata madoa. Resini yako ikioshwa kwa chumvi itajaa sodiamu na kloridi, na ndizo itakazotoa. Kuifufua kwa haki ni kuzitenganisha punje za aina mbili kwa mkondo wa maji unaopanda, zile nyepesi zikielea juu, kisha kuziosha upande mmoja kwa asidi ya haidrokloriki na upande wa pili kwa kostiki soda, na kuzichanganya upya. Hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa, si ya uani.

SWALI: Je, maji haya yananyweka, na resini iliyobaki niihifadhi vipi?

JIBU: Usiyanywe, resini haiui vijidudu, na mtungi uliokaa bila kutumika unaweza hata kuvikuza. Iliyobaki ifungie katika mfuko usiopitisha hewa, ikiwa bado na unyevu wake, mbali na jua na baridi ya kugandisha, kwani punje zikikauka kisha zikaloweshwa ghafla hupasuka. Ikianza kunuka kama samaki, punje za aina ya pili, zile zinazonasa chaji hasi, zinaharibika, nayo haifai tena kazi. Zikimwagika sakafuni zifagie papo hapo, maana zinateleza vibaya, na usizimimine kwenye sinki wala mfereji.